Mkaja wa Zena: Jinsi Tulivyomleta Riziki Tandika

Mmeniuliza bombani, mmeniuliza msibani, na mmoja wenu, simtaji, kamuuliza mpaka fundi wangu wa cherehani. Basi naandika mara moja, mpokezane wenyewe, na anayetaka kuongeza chumvi aongeze kwenye mchuzi wake.

Kwanza, sikuvaa mto tumboni. Naanza na hilo maana ndilo mlilolipenda kuliko yote. Mtoto wangu wa kwanza mnakumbuka alifia ndani, na mimi nikaponea chupuchupu, kizazi kikatolewa. Mayai yakabaki. Madaktari wa Johannesburg walichukua yai langu na mbegu ya mume wangu Seif, wakavikutanisha kwenye chombo chao, na kilichopatikana wakakipandikiza ndani ya Zena. Zena ni binti wa mama yangu mdogo, mjane mwenye wavulana wawili. Hakuna mwanamume aliyemgusa. Wala mimi sikumwomba, nisingethubutu. Ni yeye aliyeniambia siku moja tunamenya mihogo: "Dada, hili tumbo langu limekaa bure. Lichukue ulitumie."

Kabla ya kuondoka tulimwona wakili mmoja Magomeni, mtu mpole, miwani puani. Akasema, "Mama, sheria yetu haijawahi kulisikia jambo hili. Inachojua ni kimoja: aliyezaa ndiye mama. Mkirudi salama, utaomba mahakamani umuasili huyo mtoto."

"Nimuasili mtoto wangu mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kama yatima?"

Akavua miwani akaifuta.

Mama mkwe wangu, kule Chamazi, alikuwa na lake. "Seif amuoe Zena, yaishe," alisema. "Mtoto apate ukoo, cheti kisomeke, watu wafunge midomo." Hakusema kwa ubaya. Nikamjibu kwa adabu zote: "Mama, mume wangu na mtoto wangu. Sigawi kimoja ili nipate kingine." Aliendelea kuchambua mchele wake bila kunitazama.

Na safari ya kwenda siisimulii, haina kitu. Ya kurudi ndiyo safari.

Johannesburg mpaka Mto Limpopo

Binti yangu Riziki alizaliwa salama, mwenye sauti. Hospitali ile ilimfunga utepe mkononi wenye jina la Zena, na cheti kikaandikwa jina la Zena, na kwa kuwa mtoto mchanga husafiri kwenye pasipoti ya mama yake, akaandikwa kwenye pasipoti ya Zena. Mimi nilipewa barua ya daktari, ukurasa mmoja wa Kiingereza, iliyoeleza yai la nani na mbegu ya nani. Niliikunja nikaiweka kifuani.

Nauli ya ndege ilikuwa imeshamezwa na hospitali. Tukapanda basi, mtoto ana wiki tatu, Zena amekalia mto kwa maumivu, mimi nimempakata mtoto. Nawaambia kweli, tangu tutoke nilimkatalia kila mtu. Mama mmoja wa kiti cha mbele alinyoosha mikono amshike kidogo, nikajifanya simuoni. Hata Zena alimpata kwa kunyonyesha tu, akimaliza namchukua.

Mtoni, upande wa kutokea, afisa alituuliza kwa Kiingereza, "Mtoto wa nani?"

"Wangu," tukajibu wote wawili kwa pamoja.

Akatutazama, akamtazama mtoto, akauliza tena. Mimi nikasema, "Wetu." Nilidhani nimesaidia. Alimwita mwenzake, na mwenzake akamwita mwanamke wa tatu, na basi zima likatusubiri juani huku watu wakila machungwa na kutunung'unikia. Mwishowe walifungua pasipoti, wakaona jina la Zena, wakampa Zena ishara ya kupita na mtoto. Mimi nikaambiwa nisimame mstari mwingine. Nilimkabidhi mtoto kama ninayekabidhi nyumba yangu yenye moto jikoni. Hatua hamsini tu, lakini nilizihesabu.

Harare, Chirundu na mvua

Harare tulilala siku moja kwa sababu basi letu lilikataa kuwaka. Mpishi wa pale stendi alitupa ugali wao, wanauita sadza, na mboga ya majani iliyopikwa kwa karanga, tamu kupita maelezo. Zena alikula sahani mbili. Mimi sikula vizuri, nilikuwa nawaza mpaka unaofuata.

Nilikuwa na haki ya kuuwaza. Chirundu mvua ilinyesha kwa hasira, na wenye watoto wachanga wakaitwa mbele. Zena akapita na Riziki ndani ya kanga, mimi nikabaki na mabegi matatu na ndoo ya nepi. Dirisha langu likafungwa kwa chakula cha mchana. Nilisimama pale nimelowa mpaka ndani, namwona mwanangu ng'ambo ya kizuizi, na hakuna hata mtu mmoja duniani ambaye angenisikiliza kama ningesema ni wangu. Niliwatukana wote kimoyomoyo kwa Kizaramo, lugha ambayo bibi yangu aliniachia kwa kazi hiyo hiyo.

Zena alikuwa amenisubiri chini ya paa la bati, kajikunyata. "Dada, umelowa," akasema. "Shika mwanao upate joto." Nilimshika. Sikumuuliza yeye anajisikiaje, na hilo nalikumbuka sasa.

Kapiri Mposhi

Treni ya kuja Dar ilikuwa imeondoka asubuhi ile tuliyofika, na nyingine mpaka siku tatu. Tulipanga chumba kwa mwanamke mmoja aliyetupikia nshima, ndiyo ugali wa Zambia, na dagaa wao wa kukaanga, kila siku, mchana na jioni, mpaka Zena akasema mtoto atatoka na magamba. Siku hizo tatu tulicheka sana. Nilimpigia Seif dukani kwake Kariakoo kutoka posta, laini ikakatika mara nne. Nilichofanikiwa kumwambia ni "Jumapili" na "ana pua yako." Yeye alifanikiwa kuniambia, "Mama kahamia kwetu." Laini ikakatika kabisa.

Nikajua mama mkwe amekuja kunisubiri na lile neno lake la ndoa. Nikaapa moyoni kwamba nitaingia Tandika nimempakata Riziki mimi mwenyewe, kichwa juu, na atakayeniita mama mkubwa atanitambua.

Ndani ya behewa

Chumba chetu kwenye treni kilikuwa cha wanawake. Zena alipanda kitanda cha juu akalala hapo hapo, mgongo ulikuwa unamuuma na homa ya maziwa imemshika. Nikabaki chini na mtoto. Ndipo akaingia Mama Subira, mfanyabiashara wa Mbagala, mtu mzima, mnene, mwenye maburungutu ya vitenge na chupa mbili za chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashallah! Kana siku ngapi?"

"Wiki ya nne hii."

"Wiki ya nne, na umekaa wima hivyo, tumbo wazi? Nani aliyekulea wewe? Hebu simama."

Nikasimama. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Alichomoa kanga nzito kwenye burungutu, akaikunja mara tatu, akanifunga tumboni kwa nguvu za mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli. Nyie wa zamani mnaujua mkaja. Kwa mliozaliwa juzi, ndiyo nguo ya kumfungia tumbo mzazi mpaka arobaini yake itimie, na siku binti akiposwa, upande wa mume hutoa kilemba kwa baba na mkaja kwa mama, kulishukuru tumbo lile. Mama Subira alivuta fundo akasema, "Tumbo lako limerudi upesi, una bahati. Siku akiposwa huyu, ukipewa mkaja wako, unikumbuke mie niliyekufunga kwenye treni."

Hapo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini tangu nitolewe kizazi hakuna mtu aliyewahi kunigusa tumbo kwa heshima, na yule mama alikuwa amelishika kama kitu cha maana. Nikasema, "Nitakukumbuka, mama."

Akaenda kwa wapishi wa treni akarudi na uji wa pilipili manga, unafuka. Nikaunywa wote. Mtoto alipolia nikampandisha juu kwa Zena, na Mama Subira akanihurumia: "Maziwa hayajatoka bado? Basi ndugu yako mwema. Kunywa uji, yatakuja." Akaniletea bakuli la pili. Nikanywa na hilo. Juu, Zena alikuwa macho. Niliona vidole vyake vya mguu vinachezacheza ukingoni mwa kitanda, kama anavyofanya akiwa amekasirika, toka tukiwa wadogo.

Mpakani

Kesho yake, jua limeshapanda, maafisa wa uhamiaji wa kwetu wakaingia mabehewani. Aliyekuja kwetu alikuwa mtu wa makamo, kofia imembana. Akachukua pasipoti, akasoma, akamtazama Zena kule juu.

"Wewe ndiye mama wa mtoto?"

Kabla Zena hajajibu, Mama Subira akamsaidia kama anavyosaidia watu wote. "Hapana, afande, mzazi huyu hapa chini. Nimemfunga mwenyewe mkaja, na uji nimempa mwenyewe."

Sura ya afisa ikabadilika. "Pasipoti inasema yule, mzazi ni huyu. Mtoto mmemwiba wapi?" Akafungua mlango. "Shukeni wote watatu na mizigo yenu."

Ukumbi wa behewa ulijaa watu mara moja. Sikushuka. Nilisimama mlangoni na mkaja wangu wa uongo tumboni, nikasema kwa sauti mpaka wa behewa la pili wakasikia: "Hatukuiba. Mtoto ni wangu, yai langu, mbegu ya mume wangu wa ndoa. Aliyembeba tumboni ni mdogo wangu, kwa hiari yake. Barua ya daktari hii hapa. Sina cha kuficha na sina cha kuona haya!"

Alisoma barua polepole, midomo inatikisika. Akanirudishia.

"Hii barua, mama. Si cheti. Fomu yangu ina mstari mmoja wa jina la mama."

"Ongeza mstari."

"Siongezi. Na nikwambie lingine. Kwa sheria mama ni yule. Yule akisema anashuka hapa na mtoto, anashuka, na wewe ukimfuata nakukamata wewe."

Wakili alikuwa ameniambia hilo kwa maneno ya ofisini, nikalibeza. Sasa niliambiwa mlango uko wazi na ngazi ziko pale.

"Kwenu wapi?" akauliza, anaandika.

"Tandika. Asili yetu Maneromango."

Kalamu ikasimama. "Wazaramo!" Akavua kofia. "Nilijua tu! Mie Mnyamwezi wa Urambo. Nyie watani wangu wavivu, yaani hata mimba mmeanza kubebewa?"

Watu wakacheka. Na utani, mnajua, hauachwi bila jibu. Nikamwambia, "Sie tuliwaona nyie. Babu zako walibeba mizigo ya watu kichwani toka bara mpaka pwani, wakaikabidhi kwa wenyewe. Kuna hata mmoja aliyesema pembe ni zake kwa sababu kazibeba yeye?"

Behewa zima liliangua kicheko. Afisa mwenyewe alicheka mpaka akajishika ukutani, akasema, "Umenipata, Mzaramo, umenipata." Nilijiona nimeshinda. Kisha akajifuta macho, akamgeukia Zena.

"Na wewe huko juu, unasemaje? Maana wewe ndiye sheria inayekujua."

Kicheko kikaisha. Zena hakuwa amecheka hata kidogo. Alishuka taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili, akamchukua Riziki mikononi mwangu. Nilimwachia, ningefanya nini? Mtoto akanusa, akaanza kulia, na gauni la Zena likalowa kifuani mbele ya watu wote. Nikakumbuka zile bakuli mbili za uji.

"Mtoto wa dada," akasema mwishowe. "Nimembeba mie, nimemzaa mie, na ni wa dada. Andika unavyojua."

Afisa aliandika jina la Zena kwenye ule mstari mmoja. Akagonga muhuri. Pembeni, kwa herufi ndogo, akaandika "anasafiri na dada wa mama." Nilitaka kumpokonya kalamu.

Alipoondoka, Zena akaketi kitandani kwangu ananyonyesha. Bila kuinua macho akasema, "Kwa hiyo mie pagazi, dada?"

Mlimba

Mvua ilikuwa imebomoa tuta mbele yetu, treni ikasimama Mlimba mchana kutwa na kesho yake nusu. Wenyeji walikuja na wali kwenye majani ya mgomba, samaki wa mtoni wa kukaanga, ndizi mbivu. Chumbani kwetu hakuna aliyemsemesha mwenzake. Mama Subira alikuwa amenuna, na aliponipasukia, alinipasukia barabara.

"Mwizi wa mtoto si wewe, nimekuamini. Lakini uji! Umekula uji wa mzazi, mzazi yuko juu yako anatetemeka! Tumbo la mwenzio limelegea mgongo unamuuma, mkaja umejifunga wewe ambaye hata uchungu wa uzazi huujui!"

"Mama, nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Ungeniambia, ningekufunga na wewe. Kanga ninazo burungutu zima!"

Nililia. Sioni haya kuandika hivyo. Nililia kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu miezi yote ile nilikuwa napigana na wakili, na maafisa, na mama mkwe, na nyie, kwamba aliyezaa si kitu na mwenye yai ndiye mwenye mtoto, na katika kulisema hilo nilikuwa namfuta Zena kila siku kidogo kidogo. Sikujuta kupigana. Mpaka leo sijuti. Nilijuta niliyemkanyaga nikipigana.

Nikafungua lile fundo. Nikamwambia Zena asimame. Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Simama, mimi ni mkubwa wako." Akasimama amenuna. Nikamfunga mkaja mimi mwenyewe, Mama Subira akinisahihisha, "Chini kidogo, hapo, vuta!" Nilivuta mpaka Zena akasema, "Dada, unaniua," na ndiyo kauli ya kwanza aliyonipa tangu mpakani.

Nikateremka nikaomba moto kwa muuza wali, nikapika uji. Uliungua chini. Zena akaunywa, akakunja uso.

"Wa Mama Subira ulikuwa mtamu zaidi?" akauliza.

"Sana," nikasema.

Akacheka, akautema nusu, akanywa uliobaki.

Tandika

Tulifika Dar Jumanne badala ya Jumapili. Seif alikuwa amelala stesheni. Alimchukua mtoto, akamtazama pua. Akatuleta nyumbani kwa pikapu ya jirani, sisi wawili mbele na mtoto, yeye nyuma na ndoo ya nepi.

Mmoja wenu alikuwa dirishani, nimemwona. Ndiyo, Zena ndiye aliyeshuka amempakata Riziki. Nilikuwa nimeapa vingine, lakini alikuwa ananyonya na sikutaka kumkatisha.

Mama mkwe alikuwa ametandika mkeka sebuleni. Mikononi ana kitambaa kipya cha marikani, kimekunjwa vizuri. Mkaja wa mzazi wa mjukuu wake. Alimtazama Zena, akanitazama mimi, kitambaa kikabaki hewani, na nikaona yule bibi hakuwa adui. Alikuwa mtu mzima aliyeletewa jambo ambalo mila haikumwachia pa kulishikia.

"Nimpe nani?" akauliza. "Niambieni nyie. Ningekuwa na wakwe wawili ningejua. Ndiyo maana nikasema Seif amuoe..."

"Mama, mie sitaki mume," Zena akamkatiza, kwa upole. "Nimeshakuwa naye mmoja, alinitosha."

Seif alikohoa. Mimi nikapokea kile kitambaa, nikakiweka mapajani kwa Zena. Nikasema, na hili ndilo nililotaka mlijue, ili siku hiyo ikifika asitokee wa kubisha: "Mwezi ujao nakwenda mahakamani kumuasili mtoto wangu mwenyewe. Nitapanda kizimbani nikiwa nimekasirika, na hakimu nitamwambia nimekasirika, lakini nitapanda. Kwenye karatasi nitakuwa mama. Ila siku Riziki akiposwa, kilemba cha Seif, na mkaja wa Zena. Uandikwe hivyo, na asiupokee mtu mwingine, hata mimi nikililia."

Mama mkwe alifikiri sana. Mkono wake ulikuwa unalainisha mkeka.

"Kilemba cha Seif," akasema. "Mkaja wa Zena. Na wewe, mwanangu, utabaki na nini?"

Riziki alikuwa amemaliza kunyonya. Zena akamnyanyua, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, akanipa nimcheulishe. Nikamweka begani, nikampigapiga mgongo mdogo.

"Huyu hapa," nikasema. Akanicheulia gauni zima.